Nilichoandika Chini ya Jiwe la Saba

Zuhura, wewe na waongozaji wenzako mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Nina mwezi mmoja tangu nistaafu, magoti yamekwisha lakini hasira bado nzima, na naona heri niandike ningali nayo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa mtazipata kwa wengine, hazikosi wasimulizi. Mimi nitaandika juu ya mawe kumi na mawili tuliyoyatunza, na juu ya madhara yanayofanywa na watu wanaodai kujua maana yake. Mmoja wa watu hao ni mimi. Nitafika huko.

Nimetoka Tabaka, Kisii, kwa wachonga mawe. Baba yangu alichonga viboko, sahani, na watu waliokumbatiana. Mtalii akiuliza sanamu ina maana gani, baba alimtazama viatu kwanza. Viatu vikiwa vizuri, maana ilikuwa ndefu. Wale wale waliokumbatiana walikuwa umoja wa ukoo asubuhi, na jioni wakawa amani ya dunia. Sisi watoto tuliokuwa tukipiga msasa pembeni tulicheka mpaka tukapaliwa na vumbi, kwa sababu tulijua wamekumbatiana kwa kuwa jiwe lilikuwa dogo. Mtu aliyelelewa hivyo angepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na sanamu, na wa mwisho kudanganya wenzake.

Marekani nilianzia Alexandria, kwenye teksi, kisha nikaegesha magari ya wageni wa hoteli, na mwishowe nikapata kazi ya usafi katika kanisa letu dogo la mawe huku Washington. Kwa asiyelijua, kanisa lenyewe si la kale. Tajiri mmoja alinunua Ufaransa vichwa kumi na viwili vya nguzo za mawe, vyenye sanamu, kutoka kanisa lililobomoka, vilivyochongwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, akavileta kwa meli, halafu akajenga kanisa la kuvitia. Ni kama mtu aokote kifungo kizuri kisha akishonee koti. Vimepangwa chini ya paa la baraza inayozunguka ua: punda anayepiga kinubi, mwanamke mwenye mikia miwili ya samaki, mtu aliyejitwika pipa, na wengine. Cha saba ni mtu anayeuvuta mdomo wake kwa vidole vya mikono yote miwili, mdomo wazi, macho yamemtoka. Kikumbukeni hicho.

Siku ya kwanza nilipewa ngazi, ndoo na brashi ya waya, nikaambiwa nitoe mavi ya njiwa. Nikaanza na punda. Nilikuwa nimesugua sikio moja tu niliposikia mtu ananguruma chini yangu. Alikuwa Bwana Tibbs, fundi mawe wetu, Mmarekani mweusi kutoka Karolina ya Kaskazini, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Alinishusha, akachukua ile brashi, akaitupa upande wa pili wa ukuta kwa jirani. Kisha akanipa mswaki wa meno wa nyuzi laini na chupa ya maji matupu. Jiwe la chokaa, alisema, halisuguliwi, linabembelezwa. Sikio la punda bado lina mikwaruzo yangu. Wageni huiulizia, na kuna kijitabu kimoja kilichoandika kwamba ni alama ya upepo.

Tibbs ndiye aliyenifundisha kutazama. Alinionyesha kwamba tochi haimulikwi usoni mwa jiwe, inamulikwa ubavuni, ili kila alama ya tindo iinuke na kivuli chake. Kabla hujataja maana yoyote, alitaka umwambie unachokiona. Siku moja tulimsikia mwanachuo akiwasomea wageni kitabuni kwamba yule mtu wa pipa ni dhambi ya ulevi. Tibbs akangoja waondoke, kisha akaniuliza kwa hasira ambayo sijaisahau: yule bwana aliyeandika habari ya ulevi, amewahi kubeba kitu kizito maishani mwake? Mtazame goti. Mtazame mkono wa kushoto unaotafuta pa kushika. Huyo ni kibarua yuko kazini, na amezidiwa. Nilipanda ngazi na tochi nikamtazama upya. Nilikuwa nimebeba mizigo mingi hotelini, nikamwamini Tibbs.

Alipostaafu akarudi kwao, nami nikapandishwa kutoka kwenye ndoo nikawa mwongozaji. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawaji kutazama mawe, wanakuja kuambiwa. Maprofesa walikuja na maana zao zimekwishapigwa pasi. Vijana walikuja na video za simu zinazosema kila kichwa ni ishara ya chama cha siri, wakaniomba niwaonyeshe mlango wa chini. Hakuna mlango wa chini. Kuna chumba cha mashine ya joto, na niliwahi kuwaonyesha wawili, wakaondoka wakiwa na hakika zaidi kwamba nawaficha jambo. Watu wetu nao, Wakenya na Watanzania na Wakongo waliokuja kwa mabasi ya makanisa yao, walitazama juu mara moja tu, wakakunja uso, wakauliza: "Na haya mapepo yanafanya nini nyumbani kwa Mungu?"

Kwa sababu yao uongozi uliniomba niziandike kadi za maelezo kwa Kiswahili. Kadi ya Kiingereza chini ya kichwa cha saba ilikuwa ndefu. Ilisema kwamba huenda mchongaji alimkusudia yule pepo bubu wa kwenye Injili, huenda alikusudia dhambi ya ulimi, na kwamba wengine wanaona ni mtu wa kuchekesha watu sokoni, na hakuna uhakika. Nikaisoma mara tatu. Kadi yangu ilikuwa na nafasi ya mistari miwili. Na nilijiona kwamba nawajua watu wetu: hawampendi mwongozaji anayesema labda. Ukisema labda wanakuona hukusoma. Nikaandika: "Pepo bubu, kama asemavyo Marko." Nikapigia mstari, nikapeleka kuchapwa.

Ilipendwa mno. Akina mama walishika vifua, vijana walipiga picha, mzee mmoja wa Bukoba alinishika mkono akasema sasa ameelewa. Msichana mmoja wa darasa la saba, mzaliwa wa hapa, alisoma kadi zote mbili, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ile nyingine inasema hawajui. Nikamjibu, "Asiyejua maana haambiwi maana," watu wakacheka. Nauchukia msemo ule siku hizi. Tunautumia kumfungia mlango yule yule aliyeuliza swali la maana.

Sasa nafika kwa Kerubo. Kanisa moja la Wakenya wa upande wa Oxon Hill lilikuwa likikodi ukumbi wetu Jumapili mchana, baada ya Wamarekani kumaliza ibada yao. Kerubo alikuwa mmoja wao, mama wa Kisii kama mimi, anayeishi Alexandria na kufanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Aliniita Tata, kama tunavyowaita baba zetu. Mumewe alikuwa bado Kenya akingoja karatasi. Alikuwa na binti mmoja, Moraa, wa miaka minne, mwenye macho ya kuchunguza kila kitu, na hakuwa amesema neno hata moja.

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilimkuta Kerubo jikoni anapakulia wengine pilau, yeye hali. Amekonda shingo.

"Mama Moraa, mbona wewe huli?"

"Niko kwa fasting, Tata. Hii ni wiki ya tatu."

"Ya nini?"

"Ya mtoto." Akanitazama kana kwamba nilipaswa kujua. "Si ni ile kichwa ya number seven. Moraa akiwa na miezi mitatu tulimweka wakfu hapa, na nikasimama na yeye chini yake kupiga picha. Sikujua. Pasta akatuonyesha ile card mwezi wa pili, akasema tumepata mahali shida iliingilia. Imeandikwa pepo bubu. Na si mzungu aliandika, ni mtu wetu."

"Na kliniki? Uliniambia umepata nafasi."

"Ya speech ilikuwa mwezi wa tatu. Nili-cancel. Pasta alisema tuombe kwanza, na mimi sikutaka Mungu aone namshikilia na mkono moja tu."

Tulipokuwa tunaongea, mama mmoja aliangusha kifuniko cha sufuria kubwa kwenye sakafu. Jikoni nzima iliruka. Moraa alikuwa amekaa chini anapanga vikombe vya plastiki, akaendelea kupanga. Nilimwona. Nikasema moyoni, mtoto mtulivu huyu. Miaka yote hiyo nafundisha watu kutazama, na hicho ndicho nilichokiona!

Mngetegemea nimwambie Kerubo papo hapo kwamba ile kadi ni yangu. Sikumwambia. Nilitoka nikaenda kumtafuta mchungaji, maana kumkasirikia mtu mwingine ni kazi nyepesi. Nilimkuta anapakia vyombo vya muziki kwenye gari. Ni mtu wa Germantown, siku za wiki ni karani wa ofisi, hana makuu. Nilimpigia kelele mbele ya wanawe.

"Pasta, mnamkondesha mama wa watu na mtoto hajaonwa na daktari! Kwa sababu ya jiwe!"

"Mzee Ombati, tulia. Mimi sikumkataza daktari. Nilisema tuombe kwanza."

"Kwanza mpaka lini? Miezi mitano!"

Akaweka spika chini. Akatoa simu, akatafuta picha, akanipa. Ilikuwa kadi yangu, herufi zake safi, na ule mstari niliopigia.

"Soma, Mzee. Iko na labda hapo? Mimi nimesomea Biblia, sikusomea mawe. Nyinyi ndio watu wa hiyo kazi. Kama wenyewe mmeandika ni pepo, mimi nani nikatae? Nani aliandika hii?"

Nikasema ni mimi.

"Basi usinipigie kelele."

Mdomo uliponza kichwa. Bado namlaumu yule mchungaji, msidhani nimemwachia. Kusema "tuombe kwanza" juu ya mtoto wa mwingine ni rahisi mno, na nilimwambia hivyo, naye akainamisha uso. Lakini nilirudi barazani nikasimama chini ya kadi yangu nikaisoma kama mgeni, na haikuwa na mlango hata mmoja wa kutokea.

Habari ikafika kwa kamati ya kanisa, watu wapole wanaozungumza kwa sauti ya chini. Wakapendekeza kichwa cha saba kishushwe kiwekwe stoo, kwa kuheshimu hisia za jamii yetu. Nilisimama nikawaambia jamii yetu haihitaji kukingwa dhidi ya jiwe, inahitaji kuambiwa ukweli kama watu wazima wengine. Nikawaeleza kadi iliandikwa na nani. Wakaliacha jiwe mahali pake, wakaniandikia barua ya onyo, ya haki kabisa. Katika mkutano mzima, wa saa mbili, hakuna aliyeuliza hali ya mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Kerubo aje. Mafundi walikuwa wamesimamisha jukwaa la vyuma barazani kwa ajili ya kukarabati paa. Nikamvalisha kofia ya plastiki nikampandisha mpaka uso kwa uso na kichwa cha saba. Kanuni inakataza, Zuhura, usinifuate katika hilo. Moraa alibaki chini na mafundi.

Nikawasha tochi ubavuni. "Niambie unachoona. Usiniambie ulichosoma."

Aliogopa kulisogelea jiwe. Kisha akasogea, akaweka kidole karibu na shavu la kulia bila kuligusa.

"Hapa pamefura."

Nilikuwa nimelipiga mswaki shavu lile miaka mingi. Nilidhani mchongaji alikosea.

"Huyu hana kitu ya pepo," akasema. "Huyu anaumwa na jino. Anafungua mdomo mtu aone. Tata, mimi nasafisha vinywa vya wazee kila asubuhi. Yule asiyeweza kusema penye anaumwa hufanya hivi hivi." Akamulika ndani mwenyewe. "Na ulimi si huu hapa? Bubu gani sasa?"

Ulimi ulikuwapo, umeinuliwa nyuma ya meno, kwenye kivuli. Kutoka chini hauonekani.

"Hata hilo la jino hatuna hakika nalo," nikasema. "Hakuna anayejua mchongaji alitaka nini. Kadi ya Kiingereza inasema hivyo, kwamba hakuna anayejua. Mimi ndiye niliyeandika ya Kiswahili. Nililiondoa lile neno huenda."

Akazima tochi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulijua hujui?"

"Nilijua."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

Sijawahi kutukanwa na mtu kama alivyonitukana Kerubo kwa kutonitukana. Alishika chuma cha jukwaa kwa mikono miwili na kutazama chini, mahali Moraa alipokuwa ameketi. Fundi mmoja nyuma ya mtoto alikuwa anakata bati kwa msumeno wa umeme, sisi huko juu tulikuwa tumekunja nyuso kwa ule ukelele, na mtoto alikuwa anapanga misumari kwa mstari bila kugeuka. Tuliona pamoja, kwa wakati mmoja. Kerubo akasema, "Tata, hasikii." Kisha akalisema tena kwa Kikisii, akaanza kushuka ngazi haraka kiasi kwamba nilimshikilia kwa nyuma ya koti.

Nafasi aliyoiacha mwezi wa tatu ilikuwa imepewa mwingine. Tuliingia mwisho wa foleni na kungoja mpaka majani yalipoanza kuanguka. Siku yenyewe niliwaendesha mimi, maana udereva sijausahau. Walimweka Moraa kwenye chumba kidogo chenye ukuta laini, wakampa sauti moja baada ya nyingine, nasi tukatazama kupitia kioo akikaa tu, akichezea kamba ya kiatu. Baadaye daktari, mwanamke mpole, alitueleza kwamba masikio yote mawili yana hitilafu kubwa, kwamba zipo mashine za kumsaidia na wataalamu wa kumfundisha, na kwamba kwa umri wake kila mwezi una uzito. Akafungua faili. Akauliza kwa nini ile nafasi ya mwezi wa tatu ilifutwa.

Nilikuwa nimeketi pale pale, koti langu mapajani. Nilifungua mdomo.

Kerubo alinitangulia. "Ni mimi," akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Nilikuwa na shift nyingi. Nilichelewa." Daktari akaandika. Nilimwona akiandika, na sikusema neno.

Kwenye korido nilimwuliza kwa nini amejibebesha lawama.

"Ulitaka niseme nini, Tata? Kwamba mimi mtu wa nursing home, nilimwacha mtoto wangu miezi tano juu ya jiwe? Waandike hiyo kwa file, halafu waseme Waafrika wako hivyo?" Alikuwa anamfunga Moraa zipu ya jaketi. "Afadhali niwe mama mbaya peke yangu."

Kadi nimekwisha kuiandika upya, mmeiona, na mtu akiwaambia ni ndefu mwambieni anunue miwani. Lakini hiyo haikuniondolea kitu. Niliyekuwa na jibu kwa kila jiwe nilikaa kimya mbele ya daktari mmoja mwenye kalamu, na faili lile bado lipo, limeandikwa kwamba mama alichelewa kwa sababu ya kazi. Niliipigia simu ofisi yao mara mbili nikitaka kulisahihisha. Wakaniambia mimi si mzazi.

Moraa anavaa mashine zake sasa, za rangi ya waridi. Anasema maneno mengi, mengine kwa ishara, na hapendi kuambiwa ngoja. Ni mtoto wa kuuliza. Atakua, atasoma lile faili, na atauliza. Siku hiyo huenda mimi sitakuwepo, nyinyi mtakuwepo. Msimpe maelezo. Mpeni karatasi hizi, mwonyesheni jina langu, Ombati, na mumwambie kwamba mama yake alidanganya: yeye hakuchelewa, alicheleweshwa.